Kupatwa kwa jua tarehe 2 Agosti 2027: picha ya moja kwa moja tuilete vipi kwenye kuba?

Mlezi wa Kuba: Ndugu zangu, jua litakapopatwa kikamilifu tarehe 2 Agosti 2027, Luxor nchini Misri itafunikwa na kivuli cha mwezi kwa zaidi ya dakika 6. Natamani watazamaji wetu wa Nairobi waione anga yote ya huko papo hapo, kwenye kuba ya jumba letu la nyota, yaani paa la duara tunaloonyeshea picha ya anga, lenye pikseli (nukta za picha) 4096 kwa 4096. Nalinganisha njia tatu: picha isiyobanwa, picha iliyobanwa kwa H.265 (mbinu ya kupunguza ukubwa wa video), au kutuma amri tu ili kompyuta yetu ichore anga yenyewe.

Fundi Mitambo: Picha isiyobanwa iondoe mapema. Pikseli zaidi ya milioni 16, kila moja ikiwa na biti 24, kwa fremu 30 kila sekunde, hufikia takriban gigabiti 12 kwa sekunde, mzigo unaohitaji faiba maalumu. H.265 huushusha hadi megabiti makumi kadhaa, ila dai biti 10 kwa kila rangi, kwa sababu anga ya magharibi yenye giza linaloingia polepole hugeuka mistari ya ngazi-ngazi ukitumia biti 8.

Mtazama Nyota: Nakubali, lakini pigeni hesabu hii kwanza. Pikseli 4096 zikitandazwa kwenye digrii 180, kila digrii hupata pikseli 23 hivi. Jua, ambalo upana wake ni nusu digrii, litakuwa doa la pikseli 11 tu! Inafaa kamera ya pili iliyofungwa kwenye darubini, yenye mkondo wake, na picha yake ibandikwe kubwa juu ya kuba. Lenzi pana ya kamera ya kwanza, inayoona anga yote, tuiachie kile inachokiweza: kivuli kinachokuja kutoka magharibi, na rangi za machweo pande zote za upeo.

Mlezi wa Kuba: Na amri je?

Mwongoza Maonyesho: Julai 2015, chombo cha anga cha New Horizons kilipoipita Pluto, majumba ya nyota ya nchi mbalimbali yaliunganishwa kwa programu ya OpenSpace, ambapo kila jumba hupokea amri tu na kuchora picha yake lenyewe, hivyo intaneti ya kawaida hutosha. Hata hivyo, hiyo ni anga iliyokokotolewa, si ile iliyo juu ya Luxor siku hiyo. Iwekeni kama akiba, mkondo ukikatika ichukue nafasi. Mkondo wenyewe ucheleweshwe kwa sekunde 20, kwani picha inayochelewa ni bora kuliko inayoganda. Sauti ya msimulizi aliyeko Luxor ipite mkondo uleule, la sivyo atatangaza giza kabla halijafika kwenye kuba.