Kitabu cha kusoma cha kutengeneza nyumbani, mnaanzaje?

MamaNkuhungu: Habari zenu wadau. Binti yangu anajua a e i o u, na ma me mi mo mu anazisoma bila shida. Vitabu vya dukani vina maneno marefu, anavitupa. Nataka tutengeneze vyetu hapa nyumbani. Nianze na maneno gani? Na kurasa nizishike na nini? Stepla yetu imekufa.

TichaMstaafu: Shikamoo iko wapi, mama, umeingia na "habari" tu! Haya. Kunja karatasi mbili za A4 katikati, unapata kurasa nane. Shona kwenye mkunjo kwa sindano ya magunia, matundu matatu yanatosha. Maneno chukua ya silabi nyepesi: baba, kuku, taa, bibi. Zabibu nayo imo, na huku kwetu Dodoma mtoto anaijua hata usingizini. Ng'ombe, mbwa na nywele viache kwanza. Tumia herufi ndogo (a, b, si A, B), ila ziandike kwa ukubwa, kwa peni ya maka. Sentensi moja kila ukurasa: "Bibi ana zabibu." "Kuku ala zabibu." "Bibi afukuza kuku!"

BabaPacha_Kikuyu: Mchoro achore yeye, hata kuku akitoka na miguu sita. Wangu walikataa kusoma kitabu nilichochora mimi. Jalada nakata boksi la sabuni.

MamaNkuhungu: Shikamoo mwalimu, nisamehe! Amesema kuku wake lazima avae viatu. "Viatu" naona ina "vya" ndani yake, niiache?

TichaMstaafu: Marahaba. Vi-a-tu, anaiweza. Mwandikie.