Larry Robinson: beki wa nguvu, ila ukocha wake tuuweke wapi?

Barafu19
Wakuu habari zenu. Kwenye hoki ya barafu kuna ubishi mmoja haujanikaa sawa, kuhusu Larry Robinson wa Montreal Canadiens. Uchezaji wake sina swali, makombe 6 ya Stanley (ubingwa wa ligi kuu ya hoki Amerika Kaskazini), tuzo ya Norris ya beki bora 1977 na 1980, na 1978 akabeba Conn Smythe ya mchezaji bora wa mtoano. Sasa kwenye ukocha wengine wanasema ulimshinda, wengine wanasema ni bonge la kocha maana alibeba kombe 2000 na New Jersey Devils. Nyie mnaonaje?

mchambuzi_k
Mkuu anzia uwanjani ndo utaelewa ukocha. Jamaa alikuwa na urefu wa karibu sm 193, wakamwita Big Bird, lakini hakuwa wa kugonga watu tu. Msimu wa 1976-77 alimaliza na +120, yaani yeye akiwa ndani timu ikifunga anaongezewa moja, ikifungwa anakatwa moja, ukitoa yale mabao ya kufunga wakati mpinzani ana mtu nje kwa adhabu, halafu baada ya kukatwa kote huko zinabaki 120! Ni Bobby Orr tu aliyepita hapo, +124 msimu wa 1970-71. Canadiens mwaka ule walipoteza mechi 8 kati ya 80. Pembeni yake kulikuwa na Serge Savard na Guy Lapointe, kocha Scotty Bowman, kwa hiyo mchezo aliusomea kwa wanaoujua. Alicheza misimu 20, mitatu ya mwisho Los Angeles Kings, na timu yake haikuwahi kukosa mtoano hata mwaka mmoja.

kipa_wa_zamani
Kwangu mimi alikuwa mtamu zaidi akiwa msaidizi. 1995 Devils wanachukua kombe lao la kwanza, kocha mkuu ni Jacques Lemaire ambaye walicheza wote Montreal, Robinson yuko na mabeki, kina Scott Stevens na Scott Niedermayer. Akapewa Kings awe kocha mkuu, misimu 4 wakaingia mtoano mara moja tu, 1998, wakatolewa na St. Louis mechi 4 bila (kwenye mtoano wa kwanza kushinda mechi 4 ndo anapita). Akarudi Devils kuwa msaidizi tena.

Barafu19
Sasa hiyo 2000 ilikuwaje ndugu?

kipa_wa_zamani
Walimfukuza Robbie Ftorek zimebaki mechi 8 msimu wa kawaida uishe, wakamkabidhi yeye. Kwenye mtoano Philadelphia Flyers wakawa mbele kwa mechi 3-1. Ndo akaingia chumba cha kubadilishia nguo akafoka, akapiga teke pipa la taka, na huyu ni mtu mpole wanamjua hivyo miaka yote, kwa hiyo wachezaji walishtuka kweli. Wakashinda 3 mfululizo, ya saba hukohuko Philadelphia, fainali wakawatoa Dallas waliokuwa mabingwa watetezi.

mchambuzi_k
Ndo maana sikubali kwamba ulimshinda. 2001 akafika fainali tena, Colorado wakamfunga mechi ya saba. Mtu wa fainali 2 mfululizo huwezi kusema hajui kazi. Tatizo naona alikuwa anabeba kila kipigo moyoni, Januari 2002 akafukuzwa, akapewa tena timu 2005, Desemba hiyohiyo akaachia mwenyewe kwa ajili ya afya, msongo ulimzidi. Na kuachia pale namheshimu sana, wengi wanang'ang'ania mpaka wanaumwa.

Mama Magongo
Naungana na kipa. Kocha mkuu anahangaika na waandishi, mabosi, wachezaji wanaotaka dakika zaidi. Msaidizi anakaa na beki kijana anamwonyesha usimame wapi, fimbo uishike vipi, mtu umsukumie ukutani saa ngapi, na hayo nani anayajua kumzidi Robinson? Angalieni alipoendelea baada ya pale, 2012 akaenda San Jose Sharks kama msaidizi, na St. Louis Blues wanabeba kombe 2019 yeye alikuwa mshauri wao.