Nimeambiwa nikae chini kwa sababu ya bomba ambalo halijabeba abiria hata mmoja wa tiketi

Ndugu zangu, naandika mkono ukinitetemeka. Nimetoka sasa hivi mkutanoni hapa Tororo, na yule bwana mnayemjua nyote, ambaye pakipangwa viti vya plastiki huwa ameshashika kipaza sauti, ameniambia, "Kaa chini, mzee wa garimoshi." Ukumbi mzima ukacheka.

Nilikuwa nimeuliza jambo moja tu: kwa nini tuiache reli tungojee haipalupu, chombo cha kupita ndani ya bomba lililonyonywa hewa, ambacho alikuwa amekisifu kwa muda ambao mahindi yangepandwa yakavunwa? Nikamkumbusha kwamba katika pendekezo la Elon Musk la mwaka 2013 kila chombo kilikuwa cha watu 28, na njia ingepitisha watu 840 kwa saa, ilhali treni moja ya Shinkansen, ile ya kasi ya Japani, yenye mabehewa 16 ina viti 1,323, na treni za namna hiyo zinakwenda kati ya Tokyo na Osaka tangu mwaka 1964. Nikasema pia kwamba jaribio la haipalupu la Nevada, Marekani, la Novemba 2020 lilibeba watu wawili katika njia ya mita 500, na kampuni iliyolifanya ilifungwa mwaka 2023. Hapo ndipo aliponikalisha. Hakugusa hata tarakimu moja.

Nimefanya kazi ya reli tangu ujanani, kwa hiyo najua chuma hutanuka juani, na najua mwendo mkali haupendi kona. Atuambie, basi, bomba lisilotakiwa kuvuja wala kupinda litashukaje Bonde la Ufa likapanda tena hadi kwetu? Moroko ni Afrika kama sisi, na tangu mwaka 2018 wana treni ya kilomita 320 kwa saa inayopita juu ya reli za kawaida. Hili nililitaka kulisema, nikaambiwa kaa chini. Mbele ya mkwe wangu!

Mjukuu wa Mbale: Pole, mzee. Lakini ulikaa au hukukaa? Kama ulikaa, yule bwana ameshinda.

Mwenye uzi: Nilikaa kwa kumheshimu mwenyekiti.

Mjukuu wa Mbale: Kwa hiyo ulikaa.

Dereva wa Malaba: Mnagombea bomba na mimi niko kwenye foleni ya malori tangu jana, sijaoga. Mkataba wa kujenga reli ya SGR kutoka hapa Malaba hadi Kampala ulitiwa saini Oktoba 2024. Mzee angemuuliza huyo bwana mzigo wangu utapanda behewa lini.

Mama Nakawa: Dereva, wewe angalau umekaa ndani ya gari lako. Juzi konda wa teksi aliongeza nauli mara tu mvua ilipoanza kudondoka, kisha akatushusha kabla ya kufika kwa kuwa eti barabara imejaa maji.

Dereva wa Malaba: Mama, huyo konda ni yule mrefu wa asubuhi?

Mama Nakawa: Ndiye huyo huyo! Na chenji yangu bado anayo.

Mwenye uzi: Jamani, nilikuwa naeleza habari ya mkutano.

Mjukuu wa Mbale: Mama, hata mimi ananidai uvumilivu huyo. Alikushusha wapi?