Nataka darubini ya 20x80 ya bei nafuu: nitaijuaje nzuri, na je inashikika?

Msaka_Kilimia
Wakuu, habari za majukumu. Natafuta darubini ya macho mawili. Kazi yake kubwa ni usiku: mwezi, Kilimia, Mshtarii na miezi yake. Mchana ndege wa mbali. Mfuko wangu ni wa daraja la chini, kwa hiyo zile za wakubwa msinitajie. Nimepata tatu zilizokwisha tumika: 10x50, 20x80, na moja imeandikwa 60x60 ambayo muuzaji anaisifia kuliko zote, na ajabu ndiyo ya bei ya chini kabisa. Moyo wangu uko kwenye 20x80. Nitapimaje ubora nikiwa nayo mkononi bila vifaa vya maabara? Na je, naweza kuitumia bila stendi?

Jicho_la_Mwewe
60x60 achana nayo mkuu. Namba ya kwanza ni mara inazovuta, ya pili ni kipenyo cha lenzi ya mbele kwa milimita. Gawa ya pili kwa ya kwanza, unapata upana wa mwanga unaotoka kuja jichoni. 10x50 inakupa milimita 5, 20x80 milimita 4. Hiyo 60x60 kama maandishi yangekuwa kweli ingekupa milimita 1, jioni tu ungeona giza. Chukua rula umpimie lenzi muuzaji mbele yake, halafu umwangalie usoni.

Fundi_Vioo
Vipimo unavyo, ni macho yako na tochi ya simu.

Ishike mbali na uso, urefu wa mkono, uielekeze kwenye anga angavu. Upande wa jua usiguse, hata kwa sekunde moja, jicho halina spea. Katika kila kioo cha jicho, yaani cha upande wa kuchungulia, utaona kiduara cha mwanga. Kinatakiwa kiwe mviringo safi. Kikiwa na vivuli vya kijivu pembeni na umbo limeelekea kuwa la pembe nne, prizimu zake, yaani vile vipande vya kioo vya ndani vinavyopindisha mwanga, ni za kioo cha aina ya BK7, au ni ndogo mno. Za kioo cha BaK-4 kwa kawaida hutoa mviringo kamili. Hilo peke yake halinitoshi kuikataa, ila linashusha bei.

Kisha simama chini ya taa, tazama mwako wake ndani ya lenzi. Rangi ya kijani au zambarau iliyofifia maana yake vioo vimepakwa utando wa kuzuia mwanga kurudi. Mwako mweupe mkali maana yake kuna kioo hakijapakwa kitu. Lenzi nyekundu zinazong'aa ni urembo wa dukani.

Tochi nayo: rekebisha darubini ione mbali, mulika kupitia kioo cha jicho ukiwa nyuma kidogo, weka karatasi mbele ya lenzi kubwa, pima duara la mwanga. Usishangae 80 ikapungua, za bei nafuu nyingi zina pete ndani inayobana mwanga.

Lakini haya yote ni madogo kukiwa na tatizo la mirija kutoelekea pamoja. Hapo ndipo za bei ya chini zinapokufa, na kadiri inavyovuta zaidi ndivyo kosa linavyokuzwa. Tazama kitu cha mbali chenye ncha, kwa macho yote mawili, kama dakika moja. Fumba macho kidogo, fumbua. Ukiona picha mbili zinazojikokota kuungana, prizimu zimehama. Macho yako yanalazimishwa kuziunganisha, na malipo yake ni kichwa kuuma. Picha moja ikiwa juu ya nyingine ni mbaya zaidi, maana macho hayakuumbwa kupishana juu na chini. Irudishe hapo hapo.

Malizia kwa kubonyeza vioo vya jicho kwa kidole. Picha ikififia, daraja linalovishika limelegea.

Mama_Ndege
Mdogo wangu, Fundi kasema ya vioo, mimi niseme ya mikono. 20x80 inafika kilo mbili na zaidi, na kila mtetemo wa mkono unakuzwa mara 20. Kwangu mwisho wa kushika ni 10. Kwa ndege ndiyo usiseme: upana wake ni kama digrii 3 tu, ukimpata kwenye tawi keshahama. Mchana wa joto hewa yenyewe inachezacheza, unakuza mawimbi ya hewa badala ya ndege.

Ukilazimika, usishike katikati. Shika mbele karibu na lenzi kubwa, viwiko juu ya kitu, pumzi taratibu.

Mlinzi_wa_Mshtarii
Mama, kwa ndege nakubali, kwa anga sikubali. 20x80 ikiwa juu ya stendi imara, mwezi unaujaza moyo. Tofauti na 10x50 ni kubwa mno. Ila msidanganyane na Zohali: kwa mara 20 utaona kayai, pete yenyewe inataka zaidi. Miezi minne ya Mshtarii hata 10x50 iliyotulia inaionyesha. Na ukiona ukingo wa zambarau kwenye mwezi au nyota zimetanuka pembeni, ndiyo bei yake hiyo. Hukumu katikati ya picha.

Msaka_Kilimia
Asanteni sana. Navaa miwani, inaleta shida? Na stendi ya kamera nyepesi itatosha?

Fundi_Vioo
Miwani: tafuta iliyoandikwa nafasi ya jicho (umbali wa jicho kutoka kwenye kioo chake) milimita 15 au zaidi, na vikombe vya mpira vinavyokunjika. Kama tatizo lako ni mbali au karibu tu, vua, gurudumu la kulenga picha litarekebisha. Kama ni astigmatizimu, yaani jicho lisilo na mviringo sawasawa, baki nayo. Stendi nyepesi kwa 20x80 hapana, itatetema kila ukigusa. Na nyota za utosini kwa stendi ya kamera ni adhabu ya shingo.

Msaka_Kilimia
Mrejesho. 20x80 nikifumbua macho naona antena mbili, moja juu ya nyingine. Muuzaji anasema "utazoea". 10x50 viduara safi, picha moja. Naibeba hiyo. Stendi yangu ya kamera inafungwa wapi?

Mama_Ndege
Mbele ya bawaba kuna kifuniko kidogo, kifungue, ndani kuna tundu la skrubu ya robo inchi. Utahitaji kile kipande cha chuma chenye umbo la L. Usikaze kwa nguvu, nyuzi zake ni laini.

Jicho_la_Mwewe
Huyo wa "utazoea" hujampimia rula ya 60x60?