Naomba ushauri: waranti ya nyongeza imekataa taa ya mbele ya LED

Habari zenu wakuu. Hasa mlioko Marekani, naomba msaada.

Gari ni la 2019, maili 71,000. Taa ya mbele kushoto: dimu haiwaki, fulu inawaka, na ndani ya lenzi kuna ukungu usiokauka. Ni LED, hakuna balbu ya kubadilisha. Gereji ya dila wanataka dola 2,150; taa nzima peke yake ni 1,700, nyingine ni kushusha bampa, kuisajili taa kwa kompyuta na kupanga mwelekeo wa mwanga.

Waranti ya nyongeza wamekataa. Mkataba unasema balbu, lenzi na taa nzima hawalipii, wala maji kuingia. Hapo sibishi. Ila kipengele cha umeme kinalipia "kontroli boksi", na boksi ya LED kwenye taa hii (kifaa cha umeme kinachoiendesha LED) imefungwa kwa nje, chini, kwa skrubu 3, na ina namba yake ya spea.

Fyuzi nzima, volti 12.4 zinafika kwenye plagi. Boksi ya kulia ikihamishiwa kushoto, dimu inawaka. Ya kushoto pini mbili zina kutu ya kijani (na hiyo ndiyo inanitia wasiwasi, watasema ni maji yaleyale).

Je, kuna aliyewahi kulipiwa boksi pekee, na fundi aliandika nini kwenye ripoti? Pia, boksi ya mtumba yenye namba ileile inahitaji kusajiliwa, au unachomeka tu?