Mrejesho: programu ya duka iliyodai libssl.so.1.1

Asalaam alaykum jamani, ile programu ya duka hapa Wete nlokuulizeni, iliyogoma baada ya kupanda Ubuntu 22.04 kwa kuwa inataka libssl.so.1.1 (faili la OpenSSL 1.1, maktaba ya usimbaji fiche) na Ubuntu hiyo inakuja na OpenSSL 3, sasa inawaka alhamdulillah. Kuipa OpenSSL 3 jina hilo la zamani kwa linki ya faili (symlink) hakukufaa kitu, likaja kosa jengine la vesheni. Ilofaa ni kukompaili OpenSSL 1.1.1w kutoka kodi yake, kwa opsheni ya shared (itoe mafaili ya .so) na --prefix=/opt/ssl11 (ikae folda yake peke yake), halafu LD_LIBRARY_PATH (inayoonesha maktaba zitafutwe wapi) nkaiweka kwenye skripti ya programu ile tu, ya sistimu sikuigusa. Bakapu zilizofungwa kwa Blowfish, njia ya zamani ya usimbaji, zimefunguka kwa amri ya openssl yenye -provider legacy -provider default (inaruhusu njia za zamani), ila chache bado zinagoma hata kwa -md md5 (hashi ya zamani ya kutoa ufunguo kwenye nywila). Na kwa vile 1.1.1 haihudumiwi bure tangu Septemba 2023, mashine hiyo nshaikata intaneti. Ahsanteni mno kaka zangu.