Wakuu, majipu yanahama mtu hadi mtu humu ndani, ampiclox imegoma

Baba Wawili: Wakuu habari za jioni, naombeni ushauri kabla sijachanganyikiwa. Mwezi wa pili huu nyumbani tunapokezana majipu kama zamu ya kuosha vyombo, alianza dogo wa fomu two pajani, nikaja mimi kwapani, sasa hivi ni waifu na limemkaa kalioni, kwenye daladala anasimama hata siti ikiwepo. Ampiclox nimenunua mara tatu duka la dawa, maumivu yakipoa siku ya tatu naacha zilizobaki, wiki mbili mbele linaibuka jingine. Jirani anasema tumetupiwa jini.

Mzee wa Kijiweni: Mmetupiwa kweli ila sio jini, ni taulo. Mnajifutia taulo moja wangapi?

Baba Wawili: Watatu 😅

Mtu wa Maabara: Kwa maelezo yako nahisi stafu mkuu. Huyo bakteria karibu watu watatu katika kumi wanaye puani na hawaumwi chochote, akipata mchubuko ndo balaa. Sasa wapo sugu wanaitwa MRSA, pale dawa inaposhikia wamepabadilisha, ampiclox umeze hata boksi zima ni kazi bure, na zile sindano za ceftriaxone watu wanazozipenda mtaani nazo zinadunda hapohapo. Wala sio wageni, Uingereza waliripotiwa 1961 methicillin yenyewe (dawa ya ukoo mmoja na ampiclox, ndo hiyo M ya MRSA) ikiwa bado mpya. Nendeni jipu likiwa na usaha, uchukuliwe ukaoteshwe maabara, yaani bakteria wakuzwe na kujaribiwa dawa, siku mbili tatu mnaambiwa dawa gani inamuua.

Mama Chanja: Na lipasuliwe na mtaalamu, msiminye jamani! Usaha ukitoka vizuri mengine yanapona bila hata dawa. Mashuka fua na maji ya moto, wembe msichangie. Likitoka usoni au homa ikipanda usingoje kesho.

Njoro wa Bush: Mnaongea kirahisi, huku kwetu zahanati kuotesha usaha wanakusikia tu.

Mtu wa Maabara: Kweli, zahanati nyingi hawaoteshi. Omba rufaa hospitali ya mkoa, hela ya ampiclox mara tatu ingeshasaidia nauli.

Baba Wawili: Mrejesho wakuu. Waifu kapasuliwa leo, usaha wamechukua kwa kijiti chenye pamba, majibu Alhamisi. Taulo nimenunua tatu, dogo kawahi ya Simba, mimi Yanga damu ndo nimebakiziwa ya maua.